Masikio, Pua na Koo: Idara ya Chuo Kikuu Ifike Wapi Kitale na Bungoma?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia. Hao ni zaidi ya milioni mbili na nusu, na bado hujawahesabu wagonjwa wa Pokot Magharibi na Turkana ambao safari yao ya kwenda hospitali kubwa hupitia Kitale. Mtu wa huku akiumwa sikio, pua au koo huanzia kwenye zahanati au duka la dawa. Hali ikizidi hupewa barua ya rufaa, na barua nyingi za namna hiyo humwelekeza Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale na karibu 100 kutoka mjini Bungoma kupitia Webuye. Huko ndiko iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako Chuo Kikuu cha Moi hufundishia madaktari wake.

Idara ya upasuaji wa masikio, pua na koo katika hospitali ya aina hiyo ina kazi gani kwa mtu wa Chwele, Kimilili, Endebess au Kiminini, ambaye huenda asikanyage Eldoret maisha yake yote? Jibu langu nalitoa mapema. Sehemu kubwa ya kazi yake iko huko huko aliko mtu huyo. Idara isiyofika huko haijafanya hata nusu ya kazi yake, ijapokuwa chumba chake cha upasuaji kina shughuli usiku na mchana.

Tuanze na sikio, kwa sababu ndilo linaloharibika bila kelele. Mtoto anashikwa na mafua. Mfereji mwembamba unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati unaziba, usaha unajaa ndani, na mtoto analia usiku kucha. Kisha ngoma ya sikio inatoboka, usaha unapata njia ya kutokea, na maumivu yanapungua. Mzazi naye anatulia, akidhani ugonjwa umekwisha. Kumbe ndiyo kwanza umeanza. Sikio linaendelea kutoa majimaji kwa wiki, kwa miezi, kwa miaka. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 ulimwenguni wana masikio ya namna hii. Nyumbani hutiwa mafuta ya moto au maji ya majani yaliyotwangwa, au huzibwa kwa kipande cha pamba ili wenzake shuleni wasione uchafu wala kusikia harufu. Mtoto anahamia dawati la nyuma kwa aibu, na huko nyuma hasikii. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani anamwona mzito wa kuelewa.

Matibabu ya kwanza ya sikio hili hayahitaji daktari bingwa. Yanahitaji kitambaa safi cha pamba au karatasi laini, isokotwe mpaka iwe na ncha, iingizwe taratibu ndani ya sikio, iachwe inyonye, itolewe, iwekwe nyingine, hivyo hivyo mpaka itoke kavu. Mama akiketi mlangoni kwenye mwanga, kichwa cha mtoto kikiwa kimelazwa pajani, kazi hiyo huchukua dakika chache. Baadaye ndipo hutiwa matone ya dawa, mara tatu kwa siku kwa muda wa wiki mbili. Muuguzi yeyote wa zahanati anaweza kumfundisha mzazi namna ya kufanya hivyo.

Lakini ni nani aliyejua kwamba matone ni ya lazima na kwamba kukausha peke yake hakutoshi? Hapa ndipo vyuo vikuu vinapoingia. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule za Kiambu na watafiti wa Uingereza wakishirikiana na Wakenya, akiwemo Profesa Isaac Macharia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Watoto waliokaushwa masikio na kupewa antibiotiki pamoja na matone walipona usaha kwa asilimia 51 baada ya wiki 16. Waliokaushwa tu walipona kwa asilimia 22. Wale ambao hawakutibiwa kabisa? Asilimia 22 vilevile. Kwa hiyo, zahanati iliyokuwa ikimrudisha mzazi nyumbani na ushauri wa kukausha tu, bila dawa, ilikuwa inampa kazi isiyo na faida.

Utafiti wa pili ulikuja karibu zaidi nasi. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya watoto 427 kutoka shule za msingi 141 za magharibi mwa Kenya. Nusu yao walitiwa matone ya siprofloksasini, nusu matone ya asidi ya boriki, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Baada ya wiki mbili, masikio yalikuwa yamekauka kwa asilimia 59 ya kundi la kwanza na asilimia 32 ya kundi la pili. Walioingizwa katika hesabu hiyo ni watoto wetu, katika vumbi letu na mvua yetu. Leo matone ya siprofloksasini yamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Chupa yake huuzwa kwa mamia machache ya shilingi. Zahanati ya kijijini ikikosa chupa hiyo, utafiti wote ule unabaki kuwa sifa ya wasomi kwa wasomi wenzao, na mtoto aliyetoa usaha wake ili upimwe hajarudishiwa chochote.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi, hata viongozi wa kaunti, hupima idara ya upasuaji kwa idadi ya operesheni. Katika sikio, operesheni ni dalili kwamba hatua za mwanzo zilishindikana. Ngoma iliyotoboka na kukaa kavu bila kujifunga inaweza kuwekewa kiraka. Daktari huchana nyuma ya sikio, huchukua utando mwembamba unaofunika msuli wa upande wa kichwa, na kwa kutazama kupitia hadubini huutandika mahali palipo na tundu. Ni kazi ya uangalifu wa nywele kwa nywele na hurudisha uwezo wa kusikia kwa wengi. Usaha unaoachwa miaka mingi ni hatari ya aina nyingine. Ngozi inaweza kuota ndani ya sikio la kati, ikala vifupa vya kusikia na mfupa unaolitenganisha sikio na ubongo. Wapo wanaofika hospitalini uso umepinda upande mmoja, au wana jipu kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na chanzo ni sikio lililovuja tangu darasa la pili. Operesheni yao ni ndefu, hufanywa kwa kukwangua mfupa, na mara nyingi shabaha yake ni kuokoa maisha. Kusikia huwa kumekwisha kupotea.

Sasa twende kooni na kwenye mapafu, na hapa Kitale ina sura yake. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mbegu chotara zilizobadilisha kilimo cha Kenya katika miaka ya 1960 zilitoka katika kituo cha utafiti cha Kitale. Msimu wa mavuno, mahindi yapo kila mahali: uani yakianikwa juu ya turubai, sebuleni katika magunia, mifukoni mwa watoto. Mtoto wa miaka miwili hana magego ya kusagia vizuri, na akicheka au kulia akiwa na punje mdomoni, punje huvutwa pamoja na pumzi.

Kinachofuata kinapaswa kujulikana na kila mzazi na kila mhudumu wa afya. Mtoto anapaliwa, anakohoa kwa nguvu, pengine midomo inabadilika rangi, kisha kikohozi kinatulia. Utulivu huo hudanganya. Punje imeteremka na kukaa katika tawi moja la njia ya hewa. Haionekani katika picha ya eksirei kwa sababu mahindi na maharagwe hayazuii miale kama sarafu au msumari. Inanyonya maji na kuvimba. Baada ya siku chache mtoto anarudi na homa na mlio upande mmoja wa kifua, na anatibiwa nimonia. Anapona kidogo, anaugua tena, anatibiwa pumu. Kama hakuna aliyemuuliza mama swali moja tu, yaani kama mtoto aliwahi kupaliwa ghafla akiwa anakula au kucheza, wiki zinaweza kupita.

Dawa yake ni moja. Mtoto alazwe usingizi wa nusu kaputi, bomba la chuma lenye taa lipitishwe mdomoni hadi ndani ya mapafu, na punje itolewe kwa koleo refu. Hapa daktari wa upasuaji na mtaalamu wa nusu kaputi wanafanyia kazi njia ile ile ya hewa kwa wakati mmoja. Mmoja anaitumia kutazama, mwingine kumpumulisha mtoto. Hakuna nafasi ya kubahatisha. Lazima pawe na mabomba ya saizi za watoto, koleo zinazolingana nayo, na watu waliozoea kufanya kazi pamoja. Eldoret ina Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 ndani ya uwanja wa hospitali ya Moi, na mtoto wa Kitale au Bungoma mwenye punje kifuani hana budi kufikishwa mahali pa aina hiyo haraka. Kwa hili sidai kwamba kila hospitali ya kaunti iwe na uwezo huo. Chombo kinachotumika mara chache na mikono isiyozoea ni hatari kuliko safari ya saa mbili ndani ya ambulensi yenye oksijeni. Ninachodai ni kwamba idara ihakikishe kila afisa wa kliniki kutoka Kapenguria hadi Malakisi anajua swali lile moja, na ana nambari ya simu ya kupiga usiku.

Punje ikiwa puani au sikioni mambo ni mepesi, ila nayo yana masharti. Haragwe au hindi ndani ya sikio lisisukumwe kwa maji, kwani litavimba na kukwama. Mdudu aliye hai atiwe mafuta kwanza ili afe, ndipo atolewe. Betri ndogo bapa za saa na vichezeo zisisubiri hata kidogo. Puani au kwenye umio huanza kuunguza nyama katika saa mbili tu.

Kwa watu wazima, ugonjwa unaonisikitisha zaidi ni saratani ya koo, kwa vile mgonjwa mwenyewe huwa ameisikia mapema. Sauti inakwaruza. Anadhani ni mafua, au vumbi la shambani, au uchovu wa kuimba kanisani. Miezi inapita. Kanuni ya madaktari ni rahisi: sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu bila kupona ichunguzwe kwa kutazamwa zoloto lenyewe, yaani kisanduku cha sauti. Ikigunduliwa hapo mwanzoni, saratani ya zoloto hutibika vizuri na sauti hubaki. Wengi wa wagonjwa wetu hufika wakipumua kwa shida, na hatua ya kwanza inakuwa kuwatoboa shingoni ili hewa ipite. Tumbaku na pombe kali ndivyo visababishi vikuu, na vikikutana katika mtu mmoja hatari huongezeka maradufu. Wakulima wa Malakisi na maeneo yake wamelima tumbaku kwa miongo mingi, na chang'aa haihitaji kutajiwa mahali inakopikwa.

Kuna pia moshi. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi Nairobi, Peter Clifford, aliandika juu ya saratani ya nyuma ya pua miongoni mwa watu wa nyanda za juu za Kenya. Aliangalia nyumba za sehemu za baridi, zilizojengwa bila madirisha, moto ukiwaka ndani usiku kucha, na akahusisha moshi huo na ugonjwa. Ushahidi wa baadaye umeonyesha kwamba virusi na urithi vina sehemu kubwa katika saratani hiyo, hata hivyo nafurahishwa na namna Clifford alivyofanya kazi. Alitoka ndani ya chumba cha upasuaji akaenda kutazama jiko la mgonjwa. Jina lake limo pia katika tafiti za awali za tiba ya limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya kwa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958, na ambao hutokea zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi. Bungoma imo katika ukanda huo. Mtoto mwenye taya lililovimba ghafla na jino linalolegea asipelekwe kung'olewa jino. Apelekwe akachukuliwe kipande cha nyama cha kupima, wiki hiyo hiyo, kwa kuwa uvimbe huo hukua kwa siku na pia huitikia dawa vizuri.

Mengine nayataja kwa kifupi. Adenoidi na tonsili zilizovimba hadi mtoto anakoroma na kukatiza pumzi usingizini, rovu, pua zinazotoka damu, nyuso zilizovunjwa na ajali za boda boda: haya yote ni kazi ya idara hii, na mengi yanaweza kufanyiwa katika hospitali ya kaunti iwapo daktari na mtaalamu wa nusu kaputi wapo.

Je, wapo? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya nchi zenye kipato cha chini, asilimia 78 hivi zina chini ya daktari bingwa mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni, na asilimia 93 zina chini ya mtaalamu mmoja wa kupima usikivu kwa idadi hiyo hiyo. Kenya ina nafuu kuliko nyingi kati ya hizo, ila mabingwa wake wengi wako Nairobi. Kilichoiokoa Kenya kwa miaka mingi ni maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo. Hawa ni watu wenye stashahada ya kawaida ya tiba ambao hurudi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kwa stashahada ya juu. Ndio wanaokaa katika chumba chenye kiti kimoja, taa ya kichwani na trei ya vyombo, wakitoa nta, mbegu na wadudu, wakifyonza usaha, wakipima usikivu, wakiamua nani aende Eldoret na nani arudi nyumbani na matone. Ukiingia katika kliniki ya namna hiyo asubuhi ya Jumatatu, benchi la nje limejaa na foleni imezunguka kona. Mabingwa hawakwepeki, ila nathubutu kusema kwamba kuondoka kwa afisa mmoja wa aina hii katika hospitali ya kaunti kuna madhara makubwa kuliko kuchelewa kwa bingwa mmoja Eldoret.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya idara ya chuo kikuu, kwa maoni yangu, ni kuwa nyuma ya afisa huyo wa kliniki. Chuo Kikuu cha Moi kimekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu mwanzo wa kitivo chake cha tiba, mwishoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi hupelekwa vijijini kwa mpango wa COBES ili wajifunze kutibu watu mahali wanapoishi. Mwaka 2005 chuo kilianza kufundisha madaktari bingwa wa tiba ya familia, na hospitali ya Webuye, ndani ya Bungoma, ikawa mahali pao pa mafunzo. Na kuna AMPATH, mpango ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa chuo hicho, hospitali ya Moi na vyuo vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana. Ulianza na Ukimwi wakati ambapo wengi walikuwa wamekata tamaa. Haukungoja wagonjwa wajae Eldoret. Ulifungua kliniki Kitale, Webuye, Busia na kwingineko, ukaweka dawa, rejista na watu wa kufuatilia waliokosa tarehe. Kilichowezekana kwa ugonjwa wa kutibiwa maisha yote kinashindikanaje kwa sikio linalohitaji wiki mbili za matone na, kwa wachache, operesheni moja?

Hoja hii hunipeleka kwenye kambi za matibabu. Kila mara husikika tangazo redioni kwamba madaktari wanakuja, wengine kutoka ng'ambo, kwa wiki moja, bila malipo. Watu hutoka mbali, wanalala nje ya hospitali, na wengi wanasaidiwa kweli. Siwezi kumlaumu mama aliyepata operesheni ya mwanawe kwa njia hiyo. Lakini kiraka cha ngoma ya sikio kinapaswa kutazamwa baada ya wiki kadhaa, na tena baada ya miezi. Damu baada ya kukatwa tonsili inaweza kutoka siku ya kwanza, au kati ya siku ya tano na ya kumi, kidonda kinapobanduka gamba. Siku ya saba kambi imeshafungwa, hema zimekunjwa na aliyekata yuko uwanja wa ndege. Aliyebaki ni afisa wa zamu, ambaye hakushirikishwa na hana maandishi ya kilichofanyika.

Kinachofaa zaidi ni siku isiyobadilika. Daktari bingwa wa Eldoret, pamoja na daktari anayesomea ubingwa, wafike Kitale siku moja iliyotajwa ya kila mwezi na Bungoma siku nyingine, mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Asubuhi waone wagonjwa waliochujwa na afisa wa pale, mchana wapasue naye akiwa mezani. Mgonjwa wa mwezi uliopita aonwe na mkono ule ule uliompasua. Hadubini moja ya upasuaji, ikikaa mahali pamoja na kutunzwa na mtu anayejulikana, huzaa matunda mengi kuliko vyombo vya kifahari vinavyokuja na kuondoka. Anayesomea ubingwa naye atajifunza kitu ambacho Eldoret haiwezi kumfundisha, yaani ugonjwa unavyoonekana kabla haujawa mkubwa.

Kikwazo kikuu ni cha mamlaka. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, hospitali za kaunti ziko chini ya magavana, na hospitali ya Moi ni ya serikali ya kitaifa. Daktari wa upande mmoja akienda kupasua upande wa pili, nani anamlipa? Akikosea, nani anajibu? Nyuzi na dawa za usingizi zinatoka bajeti gani? Haya yanahitaji mkataba wa maandishi kati ya chuo, hospitali na kaunti mbili. Trans Nzoia ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Wamalwa Kijana, yenye neno mafunzo katika jina lake, na Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii pamoja na ule uzoefu wa Webuye. Mahali pa kuanzia papo.

Upande wa fedha, mtu hupigwa mara mbili. Bima ya jamii inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, Oktoba 2024, humkata mwenye mshahara asilimia 2.75 ya mapato yake, na ambaye hana mshahara hulipa kulingana na makadirio ya uwezo wake. Hata pale bima inapolipa operesheni, hailipi nauli ya watu wawili, chakula cha siku kadhaa mjini, wala siku za shamba zilizopotea. Ndiyo sababu mkulima huahirisha operesheni ya mtoto hadi mahindi yauzwe na likizo ya Desemba ifike, na ndiyo sababu orodha za kusubiri hujaa msimu huo. Operesheni ikifanyiwa Kitale badala ya Eldoret, gharama hizi zisizoandikwa kwenye risiti yoyote hupungua sana, na uamuzi wa mzazi huwa mwepesi.

Lazima pia tuseme kisu kinakomea wapi. Wako watoto waliozaliwa hawasikii, au waliopoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo, surua, manjano kali ya uchanga au sindano za jentamisini. Wako wagonjwa wa kifua kikuu sugu walioharibiwa masikio na sindano za kanamisini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza tangu mwaka 2018. Baadhi ya hayo yanazuilika kwa chanjo: Kenya iliingiza chanjo ya nimokoka mwaka 2011 na ya surua pamoja na rubela mwaka 2016. Lakini aliyekwisha kupoteza kusikia hapasuliwi akapona. Kifaa cha ndani cha kusikilizia kinachopandikizwa kwa operesheni hugharimu zaidi ya shilingi milioni moja, na hata vile vya kuvaliwa nyuma ya sikio mara nyingi hufika makumi ya maelfu, mbali na betri.

Mtoto huyo anahitaji kugunduliwa kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, anahitaji lugha, na anahitaji shule. Vituo vya serikali vya kupima watoto wenye ulemavu vilianza mwaka 1984 na vipo katika kaunti zote mbili. Shule ya viziwi ya Mumias, jirani na Bungoma, imefundisha tangu miaka ya 1960. Katiba ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Idara ya chuo kikuu inayomwambia mzazi kwamba hakuna la kufanya, halafu ikamruhusu aende, imemwacha njiani. Katika kliniki ile ile ya kila mwezi awepo mtu wa kupima usikivu na awepo mwalimu wa kutoka kituo cha tathmini, ili mzazi atoke pale akijua shule na tarehe.

Jambo la mwisho ni karatasi. Afisa wa Kimilili huandika barua ya rufaa: jina, umri, alichokiona, alichokishuku. Mgonjwa anakwenda nayo Eldoret, anapasuliwa, anarudi kijijini, na mara nyingi afisa hasikii tena habari zake. Hajui kama alishuku sawa. Mwaka unaofuata anampokea mtoto mwingine mwenye dalili zile zile na anaamua kwa kubahatisha vilevile. Idara inayojiita ya chuo kikuu inapaswa kuandika barua ya majibu kwa kila rufaa, nusu ukurasa tu: tulichokikuta, tulichokifanya, cha kuangalia, tarehe ya kurudi. Nakala moja iwe mkononi mwa mgonjwa, nyingine itumwe kwa simu kwa aliyemtuma. Gharama yake ni muda wa daktari anayesomea ubingwa, dakika tano kwa kila mgonjwa, na inaweza kuanza wiki hii kabla ya mkataba wowote kutiwa saini.